Mama Bariki Anapiga Simu

Walikuwa wanatoka mmoja mmoja, kama waumini wanaoikimbia ibada kabla sahani ya sadaka haijawafikia. Mhasibu alitangulia, viatu vyake vya sherehe kavibeba kwenye mfuko wa nailoni. Nyuma yake mabinti wa mauzo, nyusi zimeshachorwa, kisha Ezra wa stoo, kola ya shati imenyooshwa mpaka ungeweza kukatia nyanya. Hedwiga alikutana nao getini, kapu la maandazi kichwani.

"Mnakwenda wapi saa hizi, na Baba Princess kaniambia leo anawapa mafunzo ya kompyuta?"

"Sendofu, Mama Princess! Bibi harusi anaagwa Ngaramtoni," Ezra alijibu bila kusimama. "Mafunzo yanaendelea. Ingia tu uone."

Hedwiga akaingia. Chumba cha mafunzo kilikuwa kimya, kompyuta zote zinawaka, viti vyote vitupu isipokuwa kimoja. Hapo alikaa Nalepo, mpika chai wa kampuni, aproni kiunoni, kidole kimoja kakisimamisha kama anayetaka kumtoboa mtu jicho. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, kompyuta ikapiga kengele ya pongezi. Akahamia kiti cha pili.

"Nalepo, unafanya nini?"

"Nafaulu."

"Unafaulu nini?"

"Mtihani wa usalama wa taarifa. Yule pale alikuwa mhasibu, kapata zote. Huyu sasa ni Ezra." Akakikaribia kioo, macho kayafinya. "Wala si mgumu. Jibu la kweli ndilo refu kuliko mengine. Mume wako akiwa anasema kweli huwa anaandika sana."

"Na maneno yao ya siri umeyatoa wapi?"

"Wameniachia wenyewe. Ningeingiaje bila hayo?"

Hedwiga alitua kapu, akakaa sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. Alicheka peke yake. Alipofuta machozi akaona viatu vyeusi mlangoni, vinang'aa, na ndani ya viatu hivyo alisimama Bwana Hans, meneja mkuu. Nyuma ya Bwana Hans alikuwapo Romanus, mumewe, ambaye alishinda mjini akivitia plastiki vyeti vya wahitimu. Alikuwa kavikumbatia kifuani.

&nbsp;

Kampuni ile ilikuwa inapeleka maharage machanga Ulaya, na ilikaa kwenye maghala ya zamani ya ushirika, ng'ambo kidogo ya Tengeru. Soko huria lilipoingia ushirika ukafa, maghala yakauzwa, Bwana Hans wa Machame akaja na wabia wake na simu mbili kiunoni. Romanus alikuwa karani wa mashine ya chapa, wakamkuta humo ndani pamoja na meza na makabati. Makabati waliyatupa. Yeye akakimbilia madarasa ya jioni mjini, akajifunza kompyuta akiwa na mvi, wakampa kazi ya kuzitunza na kufundisha wenzake, pamoja na nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya banda la kufungashia.

Taabu ilianzia kwenye simu. Msimu uliopita mtu fulani alimpigia binti wa mauzo, akamsalimia vizuri, akaulizia mvua, akaulizia ng'ombe, akampa pole ya msiba wa shangazi, na mwisho akaomba neno la siri, "nikusaidie kitu kidogo huku makao makuu." Binti akampa. Ungemnyima vipi mtu aliyekwisha kukupa pole? Wiki iliyofuata kampuni jirani ilijua bei za wateja wote, na mteja mmoja mkubwa akahama. Wanunuzi waliobaki wakasema: wafanyakazi wote wafundishwe kulinda taarifa, kila mtu kwenye kompyuta yake, na atakuja mpimaji.

Bwana Hans hakumwita Romanus ofisini. Alimsimamisha uani, mbele ya wanawake wanaochambua maharage.

"Nimekwambia ufundishe wafanyakazi, Romanus. Umemfundisha mpika chai."

"Bosi, yale mafunzo..."

"Yale mafunzo hata mimi yamenilaza. Kurasa na kurasa! Sasa sikia. Mpimaji anaitwa Thomasi, anatoka Nairobi. Atawapigia watu simu siku asiyoisema, akijifanya mwizi. Wakimwaga siri tena, kazi yako naipa kampuni ya huko huko Nairobi. Na nyumba inafuata kazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sijasikia."

"Nimekuelewa, bosi!"

Wanawake waliinamia maharage yao wakayachambua kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Hedwiga alikuwa katikati yao, akiwahesabia maandazi. Kesho yake Lydia, mke wa mhasibu, alikuja kusalimia. Hakuwa na kawaida ya kusalimia. Alisifu chai, akasifu hali ya hewa, kisha akaenda jikoni akalipima dirisha kwa shibiri.

"Dada, hapa pazia la mita ngapi linatosha?"

"La kujinyongea, au la dirisha?" Hedwiga akamwuliza.

&nbsp;

Jioni ile Romanus hakula. Alikaa na kompyuta yake ya mkononi, anaandika ukurasa mwingine juu ya umuhimu wa kulinda taarifa.

"Baba Princess," mkewe akamwambia, "hayo unayoandika yamemchosha Nalepo, na yeye kina mhasibu walimlipa vocha ya simu. Unajua watu huku wanasikiliza nini? Umbea. Nipe umbea wa mwizi mmoja tu, nisikie leo kaingia nyumba ya nani, nitakesha."

"Mafunzo si ngonjera, Hedwiga."

"Na nyumba si yetu. Princess! Lete simu yako hapa. Ile inayorekodi."

Princess alikuwa kidato cha nne, na kwa mambo ya sauti na kompyuta alimpita baba yake mbali, ila alimstahi. Akaleta. Hedwiga akajifunga khanga, kana kwamba anayempigia atamwona, akakohoa, halafu ikatoka sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote. Sauti tamu, ya mafuta, ya mtu anayekupaka huku akikutafuta mfuko ulipo.

"Haloo mwanangu! Umeamkaje? Na nyumbani wameamkaje? Na yule bibi mguu unaendeleaje? Aa, pole. Pole sana. Mimi ni Mama Bariki wa makao makuu. Hunikumbuki? Jamani, si tulikaa benchi moja kwenye ule msiba! Mwanangu, nina kashida kadogo, wala hakakuumizi..."

Princess alianguka kwenye kochi. Romanus alijikaza, akajikaza, mwisho akapiga goti lake kwa kofi. "Huyo mama angenitoa hata mimi," akasema.

Basi wakamlea Mama Bariki. Mchana Romanus alikuwa kazini, jioni wanamtengenezea visa: leo kampigia mlinzi, kesho mhasibu, kesho kutwa kajifanya katibu wa kwaya anayekusanya namba za simu. Romanus akaacha kurasa zake. Akapanga mafunzo hivi: unaingia kwenye kompyuta yako, unasikia Mama Bariki anavyompamba mtu, na pale pale anapoomba siri, sauti inakatika. Kompyuta inakuuliza, wewe ungemjibuje? Ukijibu vizuri, Mama Bariki anasonya, anakata simu. Ukikosea, anakushukuru kwa jina lako, kwa sauti ambayo chumba kizima kinasikia. "Asante sana Ezra, baba! Mungu akuzidishie wajinga kama wewe." Na kisa kingine hakifunguki mpaka kesho yake.

Hakuna aliyemwachia tena Nalepo mtihani. Nani akubali mpika chai ajue Mama Bariki kafanya nini kabla yake? Asubuhi watu walifika kazini kabla ya mlinzi kufungua. Wanawake wa maharage, ambao hawakuwa na kompyuta, walisimama madirishani na glavu zao za mpira wakipiga kelele, "Usimpe! Usimpe, mhasibu, ni muongo huyo!" Nalepo aliomba naye aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, akaandikishwa, na mara ya kwanza akakosea.

&nbsp;

Lakini fundisho likienda kasi, huwa halijui pa kusimama. Watu waliona kwamba Mama Bariki anaanza daima na salamu. Wakahitimisha wenyewe: anayekusalimia sana ni mwizi. Ukiulizwa habari ya nyumbani, kata. Ukiulizwa na habari ya ng'ombe, kata na uzime simu kabisa.

Mwinjilisti alipiga kuulizia sadaka ya mavuno, akakatiwa na mabinti wa mauzo wote kwa zamu. Na Ezra akafanya lile ambalo halifanywi. Baba mkwe wake, Mzee Lerionka, alimpigia kutoka Ngaramtoni. Mzee wa Kiarusha hasemi shida yake mlangoni. Anaanza na wewe, anakwenda kwa watoto, anapita kwa ng'ombe, mbuzi, mvua na majani, ndipo anakaribia. Alipofika kwenye mbuzi Ezra akasema, "Nimekushtukia, mama," akakata.

Siku ya pili yake mzee alitokea getini, shuka begani, fimbo mkononi. Hakuingia stoo. Aliulizia nyumba ya aliyewafundisha vijana adabu mpya.

"Shikamoo, mzee," Hedwiga akamkaribisha.

"Marahaba. Kumbe hapa mnasalimia." Akakaa. "Mkwe wangu kaniita mama. Nimeuliza kwa nini, nikaambiwa ni masomo, yametoka nyumba hii."

"Mzee, ni mafunzo ya kazi. Ya kuwakataa wezi."

"Mwizi nimemkataa mimi kabla baba yako hajazaliwa, na sikuacha kusalimia. Nilimsalimia kwanza, nikamjua ni wa ukoo gani, ndipo nikamkataa." Akanywa chai yake yote kwa utulivu. "Mkwe amenitusi. Mkwe analipa kondoo. Lakini aliyemtuma kijana ni mwalimu wake. Basi mtashika kondoo pamoja, yeye kichwa, ninyi mkia."

Wakashika. Romanus na Ezra walimvuta kondoo wa mafuta mpaka Ngaramtoni, na huko wakasimamishwa nje mpaka mzee alipomaliza kusalimiana na kila mtu mwingine.

&nbsp;

Thomasi wa Nairobi alipiga siku ya gulio la Tengeru, nusu ya watu wakiwa wanafikiria viazi. Hakusalimia. Hakusema jina la shangazi wala mguu wa bibi.

"Wewe! Nani hapo? Mtandao umekufa, mzigo unaozea uwanjani, na wewe umekaa! Toa paswedi haraka kabla sijamweleza bosi wako umelala!"

Mhasibu akatoa. Mabinti wa mauzo wakatoa, mmoja akaomba na radhi kwa kuchelewa. Ezra alisimama wima, peke yake stoo, akaitamka herufi kwa herufi. Nalepo hakuwa na cha kutoa, lakini aliposhikishwa simu kwa bahati mbaya alijitetea kwamba sukari iliisha tangu jana.

Romanus alikuwa gulioni simu haishiki. Thomasi akapiga nyumbani.

"Wewe ni mke wa Romanus? Mume wako yuko wapi? Kampuni inaungua, hapokei! Neno lake la siri unalijua au hulijui? Jibu! Leo ndiyo anapoteza kazi, na wewe ndiye uliyempotezea!"

Hedwiga alikuwa ameshika mwiko. Ile sauti ilimrudishia sauti ya Bwana Hans siku ile ya uani. Nyumba inafuata kazi. Akalitaja. Alilijua kwa sababu mumewe alilitumia jina la ng'ombe wao wa kwanza. Upande wa pili mtu akasema kwa upole kabisa, "Asante, mama. Mimi ni mpimaji. Poleni sana," akakata.

Ugali ulianza kuungua, yeye kasimama.

Romanus aliporudi hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akavua kiatu kimoja, akasahau kuvua cha pili.

"Mama Bariki mwenyewe," akasema.

"Alinifokea, Baba Princess. Mama Bariki hafoki. Nikajua mwizi hawezi kuwa na kiburi vile. Nikajua huyu ni mkubwa."

"Wote wanasema hivyo hivyo. Mhasibu kaniambia, 'Hakutusalimia hata kidogo, tukajua ni mkubwa wa kweli.'"

Jioni ile Lydia alipita mara mbili mbele ya nyumba na kipande cha kitambaa cha pazia.

&nbsp;

Asubuhi Hedwiga hakubeba kapu. Alivaa gauni la kanisani akaenda ofisini kwa Bwana Hans, akapita mbele ya mwandishi wake mahsusi bila kuuliza.

"Shikamoo, bwana meneja."

Bwana Hans alikuwa mdogo kuliko yeye kidogo, lakini cheo kilikuwa kimemzeesha, akaipokea. "Mama Princess, kama umekuja kulia, wanunuzi wametupa mpaka mwisho wa mwezi tu. Thomasi anarudi kuwapima tena, na siwezi kusubiri muujiza."

"Sikuja kulia. Nimekuja kukwambia kwa nini tumeshindwa wote."

"Mmeshindwa kwa sababu mumeo..."

"Tumeshindwa kwa sababu yako."

Mwandishi nje aliacha kugonga mashine yake.

"Mwizi mpole tumemjua," Hedwiga akaendelea. "Tumemshika mpaka tukamkosea mzee wa watu, tukalipa kondoo. Lakini mwizi anayefoka? Nani hapa amewahi kumkatalia mtu anayefoka? Ukipita uani wanawake wanaacha hata kupumua. Mume wangu ulimfanya ajibu mara mbili kama mtoto wa shule, mbele ya wateja wangu wa maandazi, akajibu. Thomasi kaiga sauti yako tu, bwana. Hakuiba kitu kingine."

Bwana Hans alisimama. Akauona mlango uko wazi, akaenda kuufunga.

"Unataka nini?" aliuliza mwisho.

"Uje nyumbani jioni. Tunarekodi kisa cha mwisho. Wewe utafoka, na Nalepo atakukatalia."

"Nalepo? Mpika chai?"

"Watu wakisikia Nalepo kakukatia simu na kesho yake bado anapika chai, watajua inawezekana. Vinginevyo lete hao wa Nairobi. Watafundisha, na watu watatoa siri vile vile."

&nbsp;

Alikuja. Alikaa kwenye kochi la vitambaa vya kufuma, magoti yamefika kidevuni, Princess akamshikisha simu. Kufoka hakukumpa tabu. Tabu ilikuwa kwa Nalepo, ambaye kila akifokewa alijibu, "Naleta, bosi."

"Usilete!" Hedwiga alimwambia. "Mwambie, nakata, nitakupigia mwenyewe kwa namba yako ninayoijua."

"Na kesho akinifukuza?"

Wote wakamtazama Bwana Hans. Akajikuna shingo. "Sikufukuzi," akasema.

"Sema mbele ya hiyo simu inayorekodi," Nalepo akajibu.

Akasema. Ndipo Nalepo akapata ulimi. Walipoanza tena alimkatia kabla hajamaliza sentensi, Bwana Hans akaruka na hasira za kweli, "Unanikatia mimi?" na Princess akaiacha humo humo. Walirudia mara kadhaa, si kwa sababu ilikosewa, ila Nalepo alinogewa.

Kisa kile kilipotoka, kazi ilisimama. Watu walikisikiliza asubuhi, wakaomba tena mchana. Wanawake wa maharage walikuwa wanaambiana "nakata, nitakupigia mwenyewe" hata wakiombana chumvi. Kanuni ikawa moja, mtoto angeielewa: msalimie vizuri, msikilize, usimpe, kata, mpigie kwa namba unayoijua. Awe mpole, awe mkali.

&nbsp;

Halafu siku moja Bwana Hans mwenyewe alikuwa uwanja wa ndege na gari la maharage, ndege ya mizigo inapakia. Wakala akataka hati ya dawa zilizopulizwa shambani. Hati ilibaki kwenye kompyuta. Simu zake zote mbili zilikuwa zimekwisha chaji. Akaazima simu ya dereva wa watu, akapiga ofisini.

"Mimi Hans! Fungua faili la upulizaji, tumia paswedi ya Romanus, tuma sasa hivi, ndege inaondoka!"

"Shikamoo bosi," mhasibu akajibu kwa furaha. "Habari za huko? Nakata, nitakupigia mwenyewe." Akapiga namba anayoijua. Haipatikani. Akatabasamu. "Thomasi huyo," akawaambia wenzake. "Ila leo kamwiga vizuri."

Bwana Hans akapiga kwa mabinti wa mauzo, wakamsifu kwa kumwiga bosi. Ezra alimsalimia mpaka kwenye mbuzi, kisha akakata. Mlangoni pa stoo watu walikusanyika wanasubiri zamu zao, wanacheka.

Mwisho akapiga nyumba ya nyuma ya banda. Namba ya Romanus ilibaki ndani ya simu zilizozima, ila ya Hedwiga alikuwa nayo kichwani tangu siku ile ya kurekodi.

"Mama Princess, ni mimi. Wale wehu hawanisikii. Hii si mchezo, mzigo wote huu! Waamrishe!"

Hedwiga aliitazama namba. Hakuijua. Sauti aliijua. Aliijua kama anavyojua mlango wake unavyolia. Akimpa, na akawa ni Thomasi, nyumba imekwenda. Asipompa, na akawa ni Hans, nyumba imekwenda vile vile.

"Romanus yuko hapo?" sauti ikauliza.

"Yuko ofisini, bwana."

"Basi kimbia ukamwambie ni mimi kweli! Wewe sauti yangu unaijua!"

"Naijua," akasema. "Na mara ya kwanza sauti ndiyo iliyonipoteza. Pole na jua, bwana. Nakata. Njoo mwenyewe."

Akakata. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikia ndege inapita juu, kuelekea kaskazini. Huenda ilikuwa nyingine.

Alasiri gari lilirudi na mzigo wake. Bwana Hans alishuka, tai mfukoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu waliokuwa wanacheka wakagundua. Hakuna aliyekimbia, kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia. Romanus alisogea mbele akasimama alipowahi kusimamishwa. Hedwiga akaja akasimama ubavuni kwake.

"Mhasibu," Bwana Hans akaanza. "Nilikupigia."

"Ulinipigia, bosi. Nikakata."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unafoka kwa namba nisiyoijua."

Bwana Hans aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kifua kilijaa kufoka, kila mtu alikiona kinapanda. Wanawake wa maharage walisubiri. Kikapanda, kikakaa, kikashuka.

"Thomasi naye alipiga leo asubuhi," akasema. "Kaniambia kabla simu hazijazima. Hakupata hata neno moja." Akageuka kulitazama gari. "Nalepo. Nipe chai, tafadhali."

Maharage yale waligawiwa wafanyakazi. Tengeru hakuna anayeyapenda, ni membamba na hayashibishi. Ng'ombe waliyala.

&nbsp;

Kampuni ilipewa cheti na wanunuzi waliendelea kununua. Bwana Hans alilipa hasara ya mzigo ule kwa kuuza gari lake dogo. Alipunguza kufoka, hakuacha. Baada ya miaka mitatu aliuza hisa zake akarudi Machame kufuga kuku.

Wenye kampuni wapya walileta mafunzo yao kutoka nje, yana katuni. Romanus alipunguzwa kazi pamoja na mhasibu, na nyumba ya vyumba vitatu ikawa stoo ya mbolea, Lydia asiipate. Romanus na Hedwiga walihamia Sombetini kwenye vyumba viwili walivyojijengea, cha pili hakijapigwa lipu. Yeye anatengeneza simu mezani nje ya nyumba. Mkewe anauza maandazi.

Princess alisomea utangazaji, akaajiriwa redioni mjini, anatangaza vifo na minada. Ezra alihamia kuuza dawa za mifugo, na Mzee Lerionka alifariki akiwa amemsamehe. Thomasi alikwenda kufanya kazi benki huko Nairobi. Nalepo bado anapika chai pale pale, kwa wenye kampuni wa tatu sasa.